Namna ya Kung'amua Yasiyosemwa Wazi Katika Kifungu Kifupi cha Habari

Swali la ufahamu linalowaangusha wanafunzi wengi katika mtihani wa Kiswahili si lile linalouliza nani alifanya nini na wapi. Ni lile linaloanza kwa maneno kama "Unadhani ni kwa nini", "Ni mambo gani yanayoonyesha kwamba", au "Kutokana na habari uliyoisoma, eleza". Mwanafunzi hurudi katika kifungu akaitafuta sentensi yenye jibu, na anapoikosa hufanya moja kati ya mambo mawili: hunakili sentensi yoyote inayofanana kidogo na maneno ya swali, au hukiacha kifungu kabisa na kuandika anayoyajua yeye kuhusu jambo hilo. Njia zote mbili humkosesha alama, kwa sababu jibu la swali la aina hii halimo ndani ya sentensi moja, wala halimo kichwani mwa msomaji peke yake. Hujengwa kwa kuunganisha dalili zilizomo katika kifungu na ujuzi ambao mwandishi ametegemea kwamba msomaji wake anao.

Kazi hiyo ya kuunganisha ndiyo ninayoiita hapa kung'amua. Ngalawa haipinduki kwa sababu ina mirengu ya pande zote mbili, na jibu la kung'amua nalo linahitaji pande mbili: upande mmoja ni neno unaloweza kuliwekea kidole katika kifungu, na upande wa pili ni jambo linalojulikana na watu kuhusu maisha, kazi, hali ya hewa au desturi. Ukikosekana upande wa kwanza, umebuni. Ukikosekana wa pili, umenakili. Kwa hivyo kanuni ninayoisisitiza kuliko zote ni kwamba mwanafunzi asiandike jibu kabla ya kuliwekea kidole neno linalolithibitisha.

Vifungu vya mfano vilivyomo katika mwongozo huu nimevitunga kwa ajili ya mwanafunzi wa sekondari wa Unguja na Pemba, pamoja na mzazi au mwalimu anayemsaidia. Kila kifungu kisomwe mara mbili kabla ya kuendelea na maelezo.

Kutafuta kitu ambacho hakikutajwa

"Bi Mize alitoka uani, akatazama juu, kisha akawaita watoto kwa sauti. Bila ya kuuliza, Kombo alikamata ncha mbili za jamvi na Time akakamata mbili za upande wa pili. Walipofika ukumbini, bati lilikuwa limeshaanza kulia. Kapu la makonyo halikukumbukwa na mtu. Bi Mize alipenyeza mkono jamvini, akazichota chache, akaibana moja kwa vidole viwili, ilipinda tu. 'Bado siku mbili,' alisema, 'na ya kesho pia siijui.'"

Hatua ya kwanza si kutafuta majibu, bali ni kujiuliza ni vitu gani ambavyo mwandishi hakuvitaja ingawa kifungu chote kinavizunguka. Hapa hakutaja mvua, na hakutaja kilichokuwa juu ya jamvi. Mvua ni rahisi, kwa kuwa dalili zake ni tatu na zote zinaelekea upande mmoja: Bi Mize ametazama juu, jamvi limeingizwa ndani kwa haraka, na bati limeanza kulia. Dalili moja peke yake ingeweza kuwa na maana nyingine, maana mtu anaweza kutazama juu akifuata ndege au akikisia saa, lakini tatu zikikutana hazimwachii msomaji shaka.

Kilichokuwa jamvini kinahitaji uangalifu zaidi. Mwandishi ameandika "akazichota" na baadaye "akaibana moja", na viambishi hivyo viwili, "-zi-" na "-i-", vinatuambia kwamba kitu hicho kimo katika ngeli ya I-ZI. Hapo hapo mpunga, mtama na mwani umeshatoka, kwa kuwa vyote hivyo vingeandikwa kwa "u". Vinavyobaki ni kama karafuu, pilipili manga na kunde. Neno "ilipinda" linaondoa pilipili manga na punje za kunde, ambazo hazipindi zikibanwa. Kisha lipo neno "makonyo", ambalo mtu wa Pemba haliwazi mara mbili: ni vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, navyo pia huanikwa na kuuzwa, ingawa kwa bei ya chini zaidi. Sasa jibu limekamilika. Ni karafuu, na bado hazijakauka, kwa sababu karafuu kavu huvunjika na mbichi hupinda.

Kifungu hakijaishia hapo. Sentensi ya kapu la makonyo inaonyesha kwamba watu wa nyumba hii wameokoa kwanza kilicho na thamani zaidi. Maneno "bila ya kuuliza" yanaonyesha kwamba kazi hii watoto wameshaizoea. Maneno "na ya kesho pia siijui" yanaonyesha hofu ya Bi Mize kwamba hata kesho huenda jua likakosekana. Hakuna hata moja kati ya hayo lililosemwa wazi, na kila moja lina mahali pa kuwekea kidole.

Ni muhimu vilevile kuyajua ambayo kifungu hakituruhusu kuyasema. Hatuwezi kusema kwamba Kombo na Time ni watoto wa Bi Mize, kwa sababu imeandikwa "watoto" na si "watoto wake". Wanaweza kuwa wajukuu, watoto wa ndugu au watoto wa jirani. Hatuwezi kusema kwamba Bi Mize ni masikini, wala kwamba ni tajiri wa mashamba. Mwanafunzi anayeandika hayo ameingiza picha aliyokuwa nayo kichwani kabla ya kusoma.

Dalili zilizomo ndani ya sarufi ya Kiswahili

Huu ndio upande ambao kwa maoni yangu unapuuzwa zaidi katika ufundishaji wa ufahamu, nao ni utajiri mkubwa. Mwanafunzi hufundishwa ngeli katika kipindi cha sarufi, akafanya zoezi la upatanisho wa kisarufi, kisha katika kipindi cha ufahamu akasoma kana kwamba ngeli hazipo. Tusome kifungu hiki.

"Faki alifika gatini akihema. Mchukuzi mmoja, aliyekuwa amekaa juu ya mkokoteni wake mtupu, alimtazama, akatazama baharini, kisha akasema, 'Hata ungelipanda pikipiki, mwanangu, usingeliidiriki.' Faki aliitazama tiketi iliyokuwa mkononi mwake, akaikunja polepole na kuitia mfukoni. Kwa mbali moshi ulikuwa bado unaonekana."

Chombo alichokikosa Faki hakikutajwa popote. Hata hivyo, neno "usingeliidiriki" lina kiambishi "-i-" kabla ya mzizi, na kiambishi hicho kinakubaliana na boti au meli. Lingekuwa jahazi, mchukuzi angelisema "usingelilidiriki". Moshi unaoonekana kwa mbali unathibitisha jambo lile lile kwa njia nyingine, kwa kuwa chombo cha tanga hakitoi moshi. Herufi moja ndani ya kitenzi imefanya kazi ambayo katika lugha nyingine ingehitaji sentensi nzima.

Kitenzi hicho hicho kina dalili ya pili. Hali ya "-ngeli-", sawa na "-ngali-", hueleza jambo ambalo halikutokea. Kwa hivyo "ungelipanda pikipiki" inatuambia kwamba Faki hakupanda pikipiki, na "hata" iliyotangulia inatuambia kwamba hata kama angeipanda, asingewahi. Kutokana na maneno hayo mawili tunang'amua kwamba amekuja kwa miguu au kwa chombo cha polepole, na kwamba hakuchelewa kwa dakika mbili tatu tu. "Akihema" inaufanya uwezekano wa miguu kuwa na nguvu zaidi. "Mkokoteni mtupu" unaonyesha kwamba mizigo yote imeshapakiwa na mchukuzi hana tena wa kumhudumia.

Neno "mwanangu" linastahili onyo lake. Msomaji asiyezijua desturi zetu anaweza kudhani kwamba mchukuzi ni baba yake Faki, lakini hapa kwetu mtu mzima humwita hivyo kijana yeyote kwa upole. Kinachong'amuliwa ni kwamba mchukuzi ana umri mkubwa kuliko Faki na kwamba anamwonea huruma, basi. Maneno ya heshima na udugu kama "mama", "shangazi", "babu" na "bwana" yachukuliwe kwa uangalifu huo huo: hutuonyesha umri, heshima na ukaribu wa wanaozungumza, na mara chache tu huthibitisha nasaba.

Jambo jingine la Kiswahili ni kwamba kiambishi cha nafsi ya tatu hakionyeshi kama mtu ni mwanamume au mwanamke, na pia mara nyingi hakionyeshi ni yupi kati ya watu wawili anayetajwa. Angalia sentensi hizi: "Sabri alimkuta mwalimu mkuu akizungumza na wazee. Alipomwona, alinyamaza, akamwonyesha kiti kwa mkono." Nani alinyamaza? Wanafunzi wengi hujibu Sabri, kwa kuwa jina lake ndilo lililotangulia. Lakini anayeweza kunyamaza ni yule aliyekuwa akizungumza, na anayemwonyesha mgeni kiti ni mwenyeji. Kwa hivyo aliyenyamaza ni mwalimu mkuu. Na mwalimu mkuu huyo ni mwanamume au mwanamke? Kifungu hakikusema, na swali likiulizwa, jibu sahihi ni kwamba hakuna dalili. Kama sentensi iliyofuata ingesema kwamba alirekebisha buibui lake, hapo tungekuwa na mahali pa kuwekea kidole.

Yapo pia maneno madogo ambayo kila moja lina habari nyingine nyuma yake. "Safari hii Khamis hakuchelewa" ina maana kwamba huko nyuma alichelewa. "Hata Mzee Juma alicheka" ina maana kwamba Mzee Juma si mtu wa kucheka ovyo. "Nusura aanguke" ina maana kwamba hakuanguka, ingawa wapo wanafunzi wanaojibu kinyume chake. "Angalau mchele ulisalimika" ina maana kwamba vingine havikusalimika. Ninapendekeza mwanafunzi azungushie duara maneno haya anapoyaona, pamoja na "bado", "tena", "hatimaye" na "kumbe", kwa kuwa watungaji wa maswali huyategemea sana.

Yakini, uelekeo na uwezekano

Mambo tunayoyang'amua hayana uzito mmoja. Tuseme kifungu kimeeleza hivi: "Popo wa Pemba anaishi katika kisiwa cha Pemba tu, wala hapatikani pengine popote duniani." Kutokana na sentensi hiyo, jambo la kwamba popo huyo akitoweka Pemba atakuwa ametoweka duniani kote ni la lazima, haliwezi kuwa vinginevyo kama sentensi yenyewe ni ya kweli. Huko ni kung'amua kwa yakini. Jambo la kwamba Faki alikuja kwa miguu ni la uelekeo: dalili zinalipa nguvu, lakini baiskeli haijakanushwa. Jambo la kwamba Faki aliihifadhi tiketi kwa sababu anatarajia kuitumia siku nyingine ni la uwezekano tu, kwa kuwa mtu huweza kuitia tiketi mfukoni bila ya kuwa na nia yoyote.

Lugha ya jibu ilingane na uzito huo. Kwa la yakini andika "ni dhahiri kwamba" au "lazima". Kwa la uelekeo andika "inaelekea kwamba". Kwa la uwezekano andika "huenda". Mwanafunzi anayeandika "huenda" mahali pa yakini anaonekana hakuelewa, na anayeandika "ni dhahiri" mahali pa uwezekano amedai zaidi ya alichopewa.

Ujuzi wa msomaji, msaada wake na hatari yake

Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwapa wanafunzi habari inayohusu mchezo wa besiboli, kisha wakapima jinsi walivyoielewa. Wanafunzi waliokuwa dhaifu katika kusoma lakini wakiujua mchezo huo waliieleza habari vizuri zaidi kuliko wasomaji hodari wasioujua. Hali ni hiyo hiyo kwetu: mtoto wa Pemba akipewa habari ya mchezo wa ng'ombe, mengi yasiyosemwa atayajaza bila ya kufikiri, ilhali aliyekulia mbali na mchezo huo atababaika katika kila sentensi. Ndiyo maana mwanafunzi anayetaka kuwa hodari wa ufahamu hana budi kusoma mambo mbalimbali, ya bahari, afya, kilimo, historia na sayansi, na kuyasoma wakati ambapo hakuna mtihani. Hakuna mbinu ya kusoma inayoweza kuziba pengo la kutojua kinachozungumzwa.

Lakini ujuzi huo huo humdanganya msomaji. Mwaka 1972 John Bransford na wenzake waliwasomea watu sentensi fupi, mojawapo ikieleza kwamba kobe watatu walikuwa wamepumzika juu ya gogo linaloelea na samaki akapita chini yao. Baadaye wasikilizaji walishindwa kupambanua sentensi hiyo na nyingine iliyosema kwamba samaki alipita chini ya gogo. Akili ilikuwa imeshaijenga picha nzima, na ikaichukua picha hiyo kuwa ndiyo maneno yaliyosikika. Mwanafunzi aliyesoma kifungu mara moja na kuanza kujibu kwa kumbukumbu yumo katika hatari hiyo hiyo, tena zaidi pale anapoifahamu sana mada. Kinga yake ni kurudi katika kifungu kwa kila swali, hata lile linaloonekana jepesi.

Habari za maarifa nazo zina yaliyofichika

Wapo wanaodhani kwamba kung'amua ni kwa hadithi tu. Tusome habari hii.

"Katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki, mwalimu wa skuli ya maandalizi ameandika saa mbili tofauti kwenye mlango. Siku za bamvua, mlango hufunguliwa mapema, na kina mama huwaleta watoto mbio mbio, wakiwa wamechukua kamba na magunia. Siku za maji mafu, mlango hufunguliwa kwa saa ya kawaida, na kina mama hao hao huja polepole, mikono mitupu. Mwalimu anaeleza kwamba kabla ya kuweka utaratibu huo, watoto wengi walikuwa hawaletwi kabisa kwa siku kadhaa, kisha wakarudi, na baada ya muda hali ikajirudia."

Swali: kwa nini mwalimu aliweka saa mbili? Kifungu hakikutaja kazi ya kina mama. Kinachojulikana ni kwamba wakati wa bamvua maji hukupwa sana na kuacha eneo kubwa la pwani wazi, na kwamba wakati wa maji mafu maji hayatoki mbali. Kinajulikana pia kilimo cha mwani, ambacho kimeenea katika pwani zetu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kinafanywa zaidi na wanawake, na kinatumia kamba za kufungia mbegu na magunia ya kubebea mavuno. Ukiunganisha hayo na "kamba na magunia", unang'amua kwamba kina mama hao inaelekea ni wakulima wa mwani, na kwamba mwalimu amefungua mapema ili wawaache watoto kabla ya kushuka pwani. Bamvua huja wakati wa mwezi mpevu na wakati wa mwezi mwandamo, yaani takriban kila baada ya wiki mbili, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini utoro wa watoto ulikuwa ukijirudia.

Swali la pili ni gumu zaidi: mwalimu huyu ni mtu wa namna gani? Wanafunzi hupenda kujibu "ni mwema" au "ana bidii", majibu ambayo yanaweza kuandikwa chini ya habari ya mwalimu yeyote. Jibu lenye uzito ni lile linalotoka katika kitendo chenyewe: ni mtu anayechunguza chanzo cha tatizo kabla ya kulaumu, kwa kuwa aliubadilisha utaratibu wa skuli badala ya kuwashutumu wazazi. Kila unapoulizwa kuhusu tabia ya mtu, tafuta kwanza alichokifanya ambacho mtu mwingine katika nafasi yake angeliweza kutokifanya.

Maswali ya kuchagua, na jinsi ya kuandika jibu

Katika maswali ya kuchagua, majibu ya mtego yana sura chache zinazojulikana. Turudi kwa Faki, na tuseme umeulizwa ni lipi linalong'amulika katika kifungu chake: kwamba alichelewa kwa uvivu, kwamba mchukuzi ni baba yake, kwamba chombo alichokusudia kukipanda kilikuwa kimeshaondoka, au kwamba hatasafiri tena. La kwanza linaongeza sababu isiyo na dalili. La pili limenasa neno moja la kifungu na kulipa maana isiyokuwa yake. La nne limechukua jambo la siku moja na kulifanya la daima, na ndiyo sababu chaguo lenye "kamwe", "wote", "siku zote" au "hakuna hata mmoja" litazamwe kwa makini zaidi. Linabaki la tatu, ambalo linadai kiasi kile kile kilichobebwa na dalili.

Upo mtego mwingine unaowanasa hata wanafunzi wazuri, nao ni chaguo ambalo ni la kweli duniani lakini halina uhusiano na kifungu. Kwamba karafuu ni zao muhimu la Zanzibar ni kweli isiyopingika, lakini haing'amuliki kutokana na habari ya Bi Mize.

Katika maswali ya kuandika, jibu zuri huwa na sehemu tatu ndani ya sentensi moja au mbili: ulichokitambua, maneno ya kifungu yaliyokuongoza, na ujuzi uliotumia kuyaunganisha. Kwa mfano: "Karafuu za Bi Mize zilikuwa hazijakauka, kwa sababu moja aliyoibana ilipinda, na karafuu iliyokauka haipindi bali huvunjika." Sehemu ya tatu inaweza kuachwa pale ambapo inajulikana na kila mtu, lakini ya pili isiachwe hata mara moja. Maneno ya kifungu yawe machache. Mwanafunzi anayenakili mistari mitatu anamwachia msahihishaji kazi ya kuchagua dalili, na hiyo ni kazi yake mwanafunzi.

Kwa mzazi na mwalimu

Watafiti wa Uingereza Kate Cain na Jane Oakhill wamewachunguza kwa muda mrefu watoto wanaosoma maneno kwa ufasaha lakini hawaelewi wanachokisoma. Katika utafiti wao wa mwaka 1999 walionyesha kwamba watoto hao, walipoelekezwa kwenye sehemu ya habari yenye dalili, waliweza kuyajibu vizuri zaidi maswali ya kuunganisha sehemu za habari ambayo mwanzoni yaliwashinda. Hii ina maana kwamba uwezo wao wa kufikiri haukuwa na kasoro. Walichokikosa ni mazoea ya kuitafuta dalili. Kwa hivyo mtoto akikosea, usimpe jibu na usimkaripie. Mwambie arudi katika mstari fulani, kisha muulize neno gani hapo limemshangaza. Akitoa jibu sahihi, muulize pia amelijuaje, kwa sababu jibu sahihi lililobahatishwa halitamsaidia katika kifungu kinachofuata.

Vifungu vya mazoezi havihitaji kununuliwa. Habari fupi za gazeti la Zanzibar Leo zinatosha, na tangazo lolote la mtaani linatosha. Mtoto asome aya moja, aandike mambo matatu ambayo hayakusemwa lakini ni ya kweli, na mbele ya kila moja aandike neno lililomwongoza.

Kifungu cha mwisho cha mazoezi

"Adhana ilipoanza kusikika, mazungumzo ukumbini yalikatika. Mzee Haji aliivuta sahani ya tende, akachukua moja akampa mgeni kwanza, kisha akachukua yake. Wajukuu wake walikuwa wameshazitia zao mdomoni. Mgeni alitabasamu, akaiweka tende yake kando ya glasi ya maji aliyokuwa akiyanywa kidogo kidogo tangu alasiri."

Jibu maswali haya kabla ya kusoma zaidi. Ni adhana ya sala gani? Mzee Haji na wajukuu wake walikuwa katika hali gani? Je, ni mwezi wa Ramadhani? Je, mgeni ni Muislamu?

Adhana ni ya magharibi, kwa kuwa alasiri imeshapita na watu wanaanza kula tende kwa pamoja mara tu wanapoisikia. Mzee Haji na wajukuu wake walikuwa wamefunga; haraka ya wajukuu inalitilia nguvu jambo hilo. Kuhusu Ramadhani, andika "inaelekea", kwa sababu nyumba nzima imefunga, wakubwa kwa wadogo, lakini zipo pia saumu za sunna kama za Jumatatu na Alhamisi, na hakuna neno linalozikanusha. Kuhusu mgeni, maji aliyoyanywa tangu alasiri yanathibitisha kwamba hakufunga siku hiyo, na hapo ndipo dalili zinapokoma: msafiri na mgonjwa wana ruhusa ya kutofunga, na neno "mgeni" linaweza kumhusu msafiri. Mwanafunzi aliyeandika kwamba mgeni si Muislamu apunguziwe alama, na aliyeandika kwamba kifungu hakitoshi kulijibu swali hilo, akaonyesha ni kwa nini, apewe alama zote.